Uliza Anti Muvi: Jamani msimwage mchele, kuna kuku wengi

Mbukwenyi wapenzi. Toleo lililopita niliwapa homuweki, nikasema tafuteni See How They Run, ile muvi ya mauaji ya mwaka 2022 iliyowekwa London ya 1953, muangalie halafu mniandikie. Nilitegemea barua tatu nne za kunishukuru, kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki.

Kwa ambao hawajaiona nawapa kwa ufupi bila kuwaharibia. Kuna mchezo wa jukwaani wa Agatha Christie unaitwa The Mousetrap, yaani mtego wa panya, wamefikisha onyesho la 100 na wanasherehekea, keki ipo, vinywaji vipo, na usiku huohuo dairekta mmoja aliyetoka Hollywood kuja kuugeuza mchezo kuwa sinema anauawa humohumo ndani ya jengo. Anakuja inspekta mmoja mchovu, mguu unamsumbua, chupa anaipenda, anaitwa Stoppard, na ameongozana na konstebo binti mgeni kazini anaitwa Stalker ambaye anaandika kila neno kwenye kidaftari chake na kila anayehojiwa basi kwake huyo ndo muuaji, kesi imeisha tufunge jalada. Inspekta ni Sam Rockwell, konstebo ni Saoirse Ronan, dairekta wa muvi yenyewe ni Tom George. Haya, barua.

*Anti shikamoo. Sisi tuliangalia familia nzima hapa Ipagala, tukatundika shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima, watoto na bisi zao, mama mkwe kwenye kiti chake. Hata hatujakaa vizuri mama mkwe kaniuliza, huyu si ndo aliyeuawa, mbona bado anaongea? Nikasema mama subiri, nikajua nitaelewa mbele ya safari, mpaka mwisho sijaelewa. Mwanangu wa form two naye, mama huo mchezo wa mtego wa panya upo kweli au wametunga, na kwanini muvi za hivi za kizungu kila siku ni za zamani, makoti marefu na kofia, si wangeweka tu mwaka huu? Nimekosa majibu mpaka nimeonekana sijasoma. Nisaidie heshima yangu irudi. Mama Wawili, Ipagala.*

Marahaba mwanangu, itarudi. Tuanze na mama mkwe maana huyo ndo wa kutunza. Muulize kama anazikumbuka zile hadithi za bibi ambapo msichana anauawa na wenzake porini, wanamfukia, panaota mti, na mti unaanza kuimba unawataja waliomuua mmoja mmoja. Atakwambia anazijua hata tano, na wimbo atakuimbia. Kwa hiyo marehemu kusimulia kifo chake siyo kitu kigeni kwetu hata kidogo, tofauti ni kwamba wa kwetu anaimba kwa uchungu na huyu wa London anaongea kwa dharau. Yule dairekta, Köpernick, aliyechezwa na Adrien Brody, anafungua muvi kwa kuziponda hizi hadithi za kutafuta muuaji, kwamba ukiona moja umeziona zote na anayekufa siku zote ni yule asiyependwa na mtu, na wakati huohuo we unamwangalia anavyowaudhi watu kwenye sherehe mmoja baada ya mwingine, yaani anajichimbia kaburi kwa mdomo wake mwenyewe na koleo kaja nalo. Mwambie mama mkwe huo ndo utani wenyewe. Akisema siyo utani wa kuchekesha, mwache, ana haki yake.

Kijana mwambie mchezo upo, tena upo mpaka leo. Ulianza kama mchezo wa redio mwaka 1947, BBC walitaka kitu cha kusherehekea miaka 80 ya Queen Mary, Agatha Christie akawaandikia kamchezo kafupi kanaitwa Three Blind Mice, panya watatu vipofu, ambao ni wimbo wa watoto wa Kiingereza, na hilo jina la muvi, See How They Run, limechomolewa kwenye wimbo huohuo. Baadaye akakarefusha kakawa mchezo wa jukwaani, ukafunguliwa London tarehe 25 Novemba 1952, na tangu hapo hawajaufunga. Ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona, Mei 2021 ukarudi. Mwaka 2012 walifikisha onyesho la 25,000! Waigizaji wamezeeka, wamekufa, wamekuja wengine na wengine tena, mchezo ni uleule. Na yule kijana mtanashati wa kwenye muvi wanayemwita Dickie siyo wa kutungwa, Richard Attenborough kweli alikuwa kwenye kundi la kwanza la waigizaji, yeye na mke wake Sheila Sim. Haki za mchezo Christie alimpa mjukuu wake zawadi ya birthday alipotimiza miaka tisa. Wa kwetu akipewa baiskeli anashukuru Mungu.

Halafu kuna kile kipengele cha mkataba ambacho wengi mmedhani ni chumvi, kwamba huu mchezo haugeuzwi sinema mpaka kwanza ufungwe jukwaani na ipite miezi sita. Ni kweli kabisa, kipo. Waliokikubali walidhani ni kusubiri kidogo, mchezo gani unakaa zaidi ya mwaka mmoja miwili, ona sasa, miaka 70 na zaidi imepita na sinema ya Kiingereza hakuna. Mtego ukawanasa wao.

Sasa hilo la makoti nitakaa nalo kidogo maana nusu ya barua nilizopata zinauliza hilohilo, na wengi mnadhani uzamani umewekwa kwa ajili ya urembo. Siyo urembo. Uzamani ni kitasa cha mlango. Hizi hadithi zinataka watu wachache waliofungiwa mahali pamoja, hakuna anayetoka hakuna anayeingia, na mmoja wao ndo kaua. Leo hebu fungia watu kumi kwenye nyumba hapa Area D, maiti iko sebuleni, dakika mbili hazijaisha mmoja kashapiga picha kaweka stetasi, polisi wakija wanavuta mawasiliano ya simu wanajua nani alikuwa wapi saa ngapi, kamera ya duka la jirani imemnasa aliyeruka ukuta, na damu iliyobaki kwenye kitasa inapelekwa maabara inataja jina. Hadithi imeisha kabla ya tangazo la kwanza. Hiyo habari ya kupima DNA Alec Jeffreys kaigundua mwaka 1984 kule Leicester, kwa hiyo Stoppard na Stalker wako miaka 31 nyuma, alama za vidole wanazo lakini zaidi ya hapo wana macho, masikio na kidaftari. Ndo maana konstebo anaandika kila kitu. Hana mahali pengine pa kutunza.

Na hata keki ile siyo ya bure bure. Uingereza ya 1953 vita imeisha miaka minane lakini vyakula vingine bado ni vya mgao, peremende zimeachiwa huru Februari mwaka huo, sukari mpaka Septemba, nyama ndo wamesubiri hadi 1954. Sasa mtu anayeweka keki ya namna ile mezani anaonyesha ubavu, na ukijua hivo unawaangalia wale wageni kwa jicho lingine kabisa. Kama kijana anataka kuuweka mwaka vizuri kichwani mwambie huku kwetu ndo mwaka ambao Mwalimu Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa TAA, TANU bado haijazaliwa.

Kitasa chenyewe kinaweza kuwa chochote. Christie huyohuyo kwenye Murder on the Orient Express, kitabu cha 1934 ambacho kimetolewa sinema 1974 na tena 2017, alitumia theluji, treni imekwama katikati ya Yugoslavia, nje kweupe, ndani kuna maiti, na hakuna pa kwenda. Theluji sisi hatuna. Lakini mtu yeyote aliyepanda treni ya reli ya kati ya zamani kipindi cha masika anakijua kile kipande cha Kilosa mpaka Gulwe, mto ukichafuka tuta linaondoka na treni inasimama hapohapo ilipo. Mi nilikwama humo nikiwa binti, narudi Dodoma, daraja la tatu, usiku mzima na kesho yake yote mpaka jua linazama. Masaa ya kwanza kila mtu mstaarabu, samahani kaka, karibu muhogo dada. Kufika saa nne asubuhi tulikuwa tunajuana kama ndugu waliogombana. Yule mama aliyepanda analia kwamba anaenda Kigoma kumzika dada yake, sasa anacheka na kijana wa benchi la pili mpaka kanga inamdondoka. Kuna baba mmoja kavaa suti ya kijivu kasema yeye ni mwalimu, alipoulizwa na mwalimu mwenzie shule zinafunguliwa lini akaangalia dirishani. Na mchana chupa ya chai ya mama mmoja wa Mpwapwa, chupa nyekundu yenye maua, imejaa, ikapotea. Behewa zima tukapekuana mpaka chini ya viti, kwenye mabegi, kwenye ndoo za dagaa. Haikuonekana mpaka leo. Nje maji matupu, hakuna aliyeshuka. Basi ukinisikia nazisifia hizi muvi ujue nimeshakaa ndani ya moja, na mi mpaka kesho namshuku yule wa suti.

*Anti mambo, samahani, shikamoo. Mimi niko UDOM mwaka wa pili. Hosteli tunaangalia muvi za upelelezi kwa laptop tunawekeana soda, atakayemtaja muuaji mapema anakunywa, na mimi semesta hii nimelipia soda tano sijanywa hata moja. Kwenye hii uliyotupa nimetaja watu wanne tofauti na wote hamna. Kuna fomula? Mlipa Soda.*

Marahaba. Wanne kati ya wangapi mwanangu, hapo hata kwa kubahatisha ungetakiwa kupata.

Ngoja nikwambie kitu cha bibi yangu wa Bahi. Alikuwa akikaanga nyama ya akiba anaiweka kwenye chungu, anafunika na sahani ya bati nyeupe ambayo rangi ilibanduka upande mmoja, kipande kama ukucha. Siku moja katoka shambani, kaangalia chungu tu, hajafunua, akasema nyama imeliwa. Sisi wajukuu tumekaa pale mstari mzima tunamshangaa, maana sahani iko juu, jiwe liko juu ya sahani, kila kitu kama alivyoacha. Kumbe yeye akifunika ule ubandukaji unakaa mkono wake wa kulia, siku zote, hata yeye hajui kwanini, mkono umezoea. Na siku hiyo ulikuwa kushoto. Hakuuliza nani amekula. Aliagiza kila mtu amletee kikombe cha maji, akawa anapokea mmoja mmoja anaangalia mkono. Wenye mkono wa kushoto kwenye ule ukoo tulikuwa wawili, mimi na mjomba, na mjomba wiki hiyo alikuwa Manyoni. Jioni wenzangu wakala ugali kwa nyama, mi nikapewa mlenda, hakuna aliyesema neno.

Umeona alichofanya. Hakuangalia nani ana sura ya mwizi, maana wote tulikuwa na sura ya wezi. Aliangalia kitu. We na wenzio mnaangalia sura, huyu analia sana ndo yeye, yule kanuna ndo yeye, na mwandishi anajua mtaangalia hapohapo kwa hiyo hapohapo ndo anawawekea moshi. Ukiona kamera imekaa juu ya kitu cha kipuuzi sekunde moja zaidi ya inavyohitajika, glovu, kadi ya mwaliko, saa ya ukutani, kiweke akiba. Ukimsikia mtu anajibu swali ambalo hajaulizwa, kiweke akiba. Na kingine, hawa waandishi wa zamani walikuwa na miiko. Kuna padri mmoja wa Kikatoliki wa Uingereza, Ronald Knox, naye alikuwa anaandika hizi hadithi, mwaka 1929 akatoa amri kumi za upelelezi, na ya kwanza ni kwamba mhalifu lazima awe ametajwa mapema kwenye hadithi. Mwaka 1930 wakaanzisha na klabu yao London, Detection Club, Christie akiwemo, ukijiunga unaapishwa kwamba hutamdanganya msomaji, mpelelezi wako hatatumia ndoto wala miujiza wala bahati ya kudondokewa na jibu. Kwa hiyo chukua nusu saa ya kwanza, kila uliyemwona hapo ndo orodha yako, anayeletwa baada ya hapo usimpotezee soda.

Christie mwenyewe alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Vita ya kwanza ya dunia alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali kwao Torquay, anapima na kuchanganya, kwa hiyo sumu kwenye vitabu vyake ni sumu kweli, kipimo chake kinajulikana na muda wa kufanya kazi unajulikana. Kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1920 kilisifiwa mpaka na jarida la wafamasia. Mtu wa hivo ukikosa jibu lake ni uzembe wako.

Ila hii See How They Run, hapa nakutetea, dalili zake ni chache. Inapenda utani kuliko kufumba, kila dakika inakukonyeza kwamba na yenyewe inajua ni muvi, ikifika zamu ya kukupa ushahidi wa kushika mkononi inakupa kidogo. Mi ninachoibebea ni yule konstebo. Akiambiwa asikimbilie majibu, anainama anaandika kwenye kidaftari kwamba asikimbilie majibu. Ningekuwa na binti kazini ningetaka awe vile. Soda tano siyo zote za kulipa, dai moja.

*Binti yangu, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Mpwapwa. Nakusoma kila toleo lakini leo nina ugomvi nawe. Kila siku ni London, kila siku ni Wazungu. Sisi tulisoma Bwana Msa wakati nyie hamjazaliwa, mbona humtaji? Mwalimu Mstaafu.*

Shikamoo baba. Nimekosa na nimepiga magoti.

Kwa vijana ambao hawajui mzee anasema nini, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, kikashinda mashindano ya East African Literature Bureau na kikatoka kitabu mwaka 1960, ndo mwanzo wa hadithi za upelelezi za Kiswahili kama tunavyozijua. Mpelelezi wake ni huyo Bwana Msa, ana kiko chake mdomoni, ana rafiki yake Najum wa kumshangaa, na mtu akisema ananusa harufu ya Sherlock Holmes hajakosea. Lakini mzee wa watu hakukopi tu. Kule kwa Wazungu kitasa ni chumba au treni, kwa Bwana Msa kitasa ni woga. Maiti inakutwa kwenye mzimu, watu wanajua ni mzimu, nani atasogea kuuliza? Mpelelezi wa kizungu anapambana na muuaji peke yake, wa kwetu anapambana na muuaji halafu na mtaa mzima ambao umeshapata jibu. Hilo mi naliona ni gumu zaidi na ni tamu zaidi.

Na baba umenitonesha, maana kila nikipita karibu na stesheni ya zamani hapa mjini nawaza muvi. Reli imefika hapa mwaka 1910 enzi za Mjerumani. Weka mwaka wa hamsini na kitu, karani wa stesheni, mfanyabiashara wa karanga, bwana shauri ana safari yake, simu ya upepo imekatika na karabai inafyonza pale mezani kwa sauti ile ya nyoka. Inazimika. Inawashwa tena, watu walikuwa saba, wanaopumua ni sita. Nguo zipo, wazee wana makoti kwenye masanduku wameyawekea dawa ya nondo mpaka leo. Ugumu utakuwa kupata karabai tatu zinazowaka, na kumzuia mtu asipite nyuma na bodaboda.

*Anti, hivi London ya 1953 kulikuwa na mwandishi wa muvi mweusi amevaa suti kali vile? Au ndo mambo ya siku hizi ya kuweka kila rangi? Mdau, Nkuhungu.*

Weusi London walikuwepo, mdau. Meli ya Windrush ilileta mamia ya watu kutoka Karibiani Juni 1948, na hata kabla ya hapo walikuwepo mabaharia, wanafunzi na wanamuziki. Ila kusema yupo aliyekuwa anaandikia sinema kubwa na kukaa hoteli za bei mbaya, hapo muvi imejipa uhuru, na haijifichi. Huyo aliyemcheza ni David Oyelowo, wazazi wake Wanaijeria, ndo yuleyule kocha wa chess kwenye Queen of Katwe ile ya Uganda. Anavyotamka maneno kwa kiburi humu, mi ningemwongezea dakika ishirini.

*Anti shikamoo. Shemeji yangu ana tabia, tukikaa kuangalia muvi yeye ameshaiona, anakaa nyuma ya kochi, na kila mtu mpya akitokea anaguna. Mmh. Au anasema, huyu mshikeni huyu. Mume wangu anasema ni mdogo wake nimvumilie. Nimevumilia muvi sita. Mke wa Mtu, Kizota.*

Marahaba mwanangu, pole sana, sita ni nyingi. Kule kwenye The Mousetrap onyesho likiisha na watu wakishapiga makofi, mwigizaji mmoja anasogea mbele anawaomba ukumbi mzima kwamba sasa na nyinyi mmekuwa washirika wa uhalifu, tafadhali nendeni na siri. Na watu wameitunza kizazi kwa kizazi, mamilioni wameingia mle wakatoka wamefunga midomo. Mamilioni. Shemeji yako mmoja anashindwa.

Usigombane naye. Muvi ijayo mpe kazi ya jikoni, mwambie shem wewe ndo unajua kukaanga mihogo, na mihogo ianze kukaangwa dakika ya kumi. Akimaliza mapema kuna na vyombo. Akigundua ujanja akalalamika kwa kaka yake, guna. Mmh. Basi.

*Anti fanya haraka tafadhali. Niliangalia ile muvi yako jana usiku, wamekusanyika wote kwenye ile nyumba kubwa, theluji nje, mambo yamenoga, umeme wa LUKU ukaisha. Nilikuwa nimebakiza kama dakika kumi. Sina raha, sijalala. Niambie tu ni nani, hata herufi ya kwanza. Mwenye Kiu, Chang'ombe.*

Sikwambii. Nunua umeme wa elfu mbili.